Kutoka Marathoni hadi Kilomita 90: Uulize Mwili Wako Kwanza

Mazungumzo ya leo yametokana na swali nililoulizwa kazini. Kijana mmoja, baba wa watoto wawili, alikuja kwenye zahanati yetu siku ya Jumatatu akitembea kama mzee. Alingoja mpaka akina mama wa kliniki ya watoto wakaondoka, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, mkojo wangu umekuwa kama strungi." Ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kutaja jina lake.

Nilimuuliza amefanya kazi gani mwisho wa wiki. Akasema Jumamosi alikimbia kilomita 60 ili kujijaribu. Hakuwa amewahi kupita kilomita 42. Goti lilipoanza kuuma alimeza tembe mbili za diklofenaki alizonunua dukani, na mbele kidogo akameza mbili nyingine. Alifika nyumbani, akalala, na asubuhi akaona mkojo umebadilika rangi. Alikaa nayo siku nzima ya Jumapili kwa sababu aliona aibu kumwambia mke wake.

Kwa nini alikuwa anajijaribu? Kijana huyu anakimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 17. Katika nchi nyingi, muda huo ungemfanya awe mtu wa kutajwa kwenye magazeti. Hapa kwetu, ambapo kila kijiji kina mtu wa saa 2 na dakika 10, hapati mwaliko wa mbio zozote kubwa. Rafiki yake alimwambia kuhusu mbio za Comrades kule Afrika Kusini, na kwamba huko kasi si kitu, uvumilivu ndio kitu. Kwa hivyo akaniuliza akiwa amelala kitandani, "Sista, nihamie huko, ama nibaki na marathoni yangu?"

Huenda nawe unajiuliza swali hilo, au mume wako, au kijana wako. Basi tulijibu pamoja.

Mbio zinazopita marathoni huitwa ultra. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Chochote kinachozidi hapo ni ultra, iwe kilomita 50 au 160. Comrades ni za mwaka 1921. Hukimbiwa kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90 za lami yenye milima, kwa kawaida mwaka mmoja kupanda na mwaka mwingine kuteremka. Mkimbiaji ana saa 12 za kumaliza, na ukichelewa hata kwa sekunde moja unafungiwa lango. Hawapokei mtu wa chini ya miaka 20, na lazima uwe umemaliza marathoni kwanza. Kule Cape Town kuna Two Oceans, ambazo ni kilomita 56.

Huwezi kumlaumu kijana kwa kutamani. Mwaka 2022 aliyeshinda Comrades alikuwa Tete Dijana, mtu ambaye kazi yake ilikuwa askari wa lindo katika chuo kikuu. Mwaka 2023 alishinda tena kwa saa 5, dakika 13 na sekunde 58. Habari kama hii ikifika kambini kila mtu hujiona yeye ndiye anayefuata. Lakini vyaelea, vimeundwa. Miguu ile ilijengwa kwa miaka mingi ya kilomita nyingi.

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba ultra ni marathoni mbili zilizofungwa pamoja. Sivyo mwili unavyoiona. Katika marathoni unatumia zaidi sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Akiba hiyo ndiyo inayokwisha kwenye kilomita ya 30 au 35, miguu ikawa mizito kama magogo. Mkimbiaji mwenye kasi huvumilia kilomita chache zilizobaki na anamaliza. Katika kilomita 90, akiba ikikwisha bado una safari ya nusu siku. Lazima ule huku unakimbia, na tumbo likubali. Kila saa mwili unahitaji chakula cha nguvu sawa na ndizi mbivu mbili, au viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi. Wapo watu wenye mapafu mazuri na miguu mizuri ambao tumbo lao likishapata mtikiso wa saa tano hukataa hata uji. Hawa, ultra itawashinda hata wakifanya mazoezi namna gani, isipokuwa wamelifundisha tumbo lenyewe polepole.

Sasa nije kwa maji, maana hapa ndipo watu wetu wanapotea, hata sisi wahudumu wa afya. Tumefundishwa tangu shuleni kwamba maji ni uhai, kwa hivyo tunamwambia mkimbiaji, "Kunywa, kunywa, usingoje kiu." Katika mbio za saa nyingi ushauri huo unaweza kuua. Ukinywa maji kupita kiasi kinachotoka, chumvi iliyo ndani ya damu, yaani sodiamu, huyeyushwa na kupungua. Maji huingia ndani ya seli, na ubongo huvimba ukiwa ndani ya fuvu ambalo halipanuki. Mtu huumwa kichwa, hutapika, vidole huvimba hata pete ikabana, huanza kusema maneno yasiyoeleweka, na mwisho hupata degedege kama mtoto. Ugonjwa huu ulitambuliwa mapema kwa wakimbiaji wa Comrades, miaka ya 1980. Usifikiri ni wa ultra peke yake. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 walikuwa wamepungukiwa na sodiamu. Wengi wao walikuwa wameongezeka uzito wakati wa mbio. Kukimbia kilomita 42 na kuongezeka uzito! Ni maji tu.

Ubaya wake ni kwamba dalili hizi zinafanana na za mtu aliyeishiwa maji. Ndugu zake humwona ameduwaa, humpa maji zaidi, na wanammaliza. Kwa hivyo kunywa ukisikia kiu, usinywe kwa ratiba ya saa. Na kama unasimamia mkimbiaji, umwone amechanganyikiwa na vidole vimevimba, usimnyweshe. Mpeleke hospitali, useme, "Amekunywa maji mengi, mpimeni chumvi kabla ya dripu."

Mimi humwambia kila mkimbiaji atumie mizani ya zahanati. Haina malipo. Jipime kabla ya mbio ndefu za Jumamosi, ujipime ukirudi, ukiwa na nguo zile zile zilizokaushwa. Mtu wa kilo 60 akirudi amepungua kilo moja hivi, hakuna shida. Akiwa amepungua tatu, alikunywa kidogo mno. Akiwa ameongezeka, alikunywa kupita kiasi. Ukifanya hivyo mara tano utajua kiasi chako kuliko kocha yeyote.

Nirudi kwa kijana wetu na mkojo wa strungi. Misuli ikifanya kazi isiyoizoea kwa saa nyingi, hasa kwenye mteremko ambapo paja linazuia uzito wa mwili kila hatua, nyuzi zake hupasuka na kumwaga vitu vyake kwenye damu. Vitu hivyo huchujwa na figo. Vikiwa vingi huziba figo, na mkojo hugeuka rangi ya strungi au ya soda nyeusi. Madaktari huita hali hii rabdo kwa kifupi. Kila mkimbiaji wa ultra hupasua misuli kiasi, na wengi hupona kwa kupumzika na kunywa ipasavyo. Kinachogeuza jambo hilo kuwa msiba ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, wakati ule ule figo zimelemewa na uchafu wa misuli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wakimbiaji wa ultra walipewa ama ibuprofeni ama tembe tupu wakati wa kukimbia kilomita 80. Waliopewa ibuprofeni, asilimia 52 walipata dalili za kuumia figo. Waliopewa tembe tupu, asilimia 34. Hebu tazama pia hiyo namba ya pili: hata bila dawa, mtu mmoja kati ya watatu.

Ndiyo maana nasema hivi, na nitalirudia hata mkichoka kunisikia. Siku ya mbio ndefu, usimeze diklofenaki, usidungwe diklofenaki. Kama goti haliwezi kumaliza bila dawa, goti limeshakupa jibu la swali lako. Na mkojo ukiwa mweusi, nenda hospitali siku ile ile. Kijana wetu alipewa rufaa, akakaa wodini siku tatu na dripu, figo zikarudi. Angekaa siku mbili zaidi na aibu yake, huenda leo tungekuwa tunachangisha pesa za mashine ya kusafisha damu.

Kuna watu ambao mimi kama muuguzi huwaambia wasihamie kabisa mpaka daktari awaone. Wenye presha au kisukari kisichodhibitiwa. Aliyewahi kuugua figo. Aliyevunjika mfupa kwa sababu ya mazoezi katika mwaka uliopita. Na wale wanaotoka katika familia zenye selimundu, jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalijui. Hata kama huugui, ukiwa umebeba alama yake kwa upande mmoja tu wa wazazi, kazi nzito kwenye joto inaweza kuharibu misuli yako kwa kasi kuliko ya mwenzako. Kipimo ni cha damu kidogo tu.

Pima pia damu na akiba ya madini ya chuma. Wakimbiaji wetu hula vizuri, ugali, managu, maharagwe, lakini huteremsha chakula kwa chai, na chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Inywe saa moja au mbili baada ya kula. Najua hili ni gumu kuliko kilomita 90.

Dada zangu, kambini kuna maneno kwamba hedhi ikikatika ni dalili umeiva kwa mbio. Ni uongo. Kwanza pima mimba. Kama si mimba na miezi mitatu imepita, mwili unakwambia chakula hakitoshi kazi unayoupa, na mifupa inaanza kulipa deni. Usiongeze hata kilomita moja kabla hedhi kurudi.

Kwa wanaofikiria ultra za milimani, kumbukeni baridi. Mwezi wa Mei mwaka 2021, huko Gansu, China, wakimbiaji 21 walikufa katika mbio za kilomita 100 milimani. Hali ya hewa iligeuka ghafla, mvua ya mawe na upepo, na wengi walikuwa wamevaa fulana na kaptura. Walikuwepo wakimbiaji hodari wa nchi hiyo. Koti la mvua lingekuwa mzigo mdogo.

Sasa mambo ya mfukoni, maana afya ya nyumba ni afya pia. Kwenye ultra wanaolipwa ni wachache wa mbele, kama tu kwenye marathoni. Mwili hauwezi kukimbia kilomita 90 kwa nguvu zote mara nyingi kwa mwaka. Ukikosa mwezi wa Juni, unangoja mwaka mwingine. Na miguu ikizoea mwendo mrefu wa polepole, ile kasi ya marathoni hupungua, na kuirudisha huchukua muda. Kwa hivyo keti na mke au mume wako kabla ya kuketi na meneja. Nani atalipa tiketi? Tukikosa, karo ya muhula wa tatu itatoka wapi? Kama jibu ni kuuza ng'ombe wa maziwa, mimi ningebaki na ng'ombe.

Kwa upande mwingine, sitaki kuwatisha wote. Mtu wa miaka 35 ambaye kasi imeanza kumtoka, ambaye hajaumia mwaka mzima, anayekula akikimbia bila kutapika, na ambaye baada ya marathoni anahisi angeweza kuendelea taratibu, huyo anaweza kujaribu. Aanze na kilomita 50 au 56, si 90. Miezi sita kabla, akimbie kilomita 30 Jumamosi na 20 Jumapili miguu ikiwa bado imechoka, na wiki ya nne apunguze mzigo. Atembee kwenye vilima, hata mabingwa hutembea. Asikimbie akiwa na homa, na akitoka kuugua malaria angoje mpaka damu yake ipimwe ionekane imerudi, maana moyo uliochoshwa na ugonjwa haupigi kelele kabla ya kusimama.

Kijana wetu alirudi zahanati wiki sita baadaye kuchukua majibu ya figo. Yalikuwa sawa. Safari hii alikuja na mke wake, na mke ndiye aliyeuliza maswali mengi. Wamekubaliana atakimbia marathoni moja zaidi mwaka huu, kisha wataamua kuhusu zile za kilomita 56. Kila Jumamosi alfajiri namkuta nje ya mlango akingoja nifungue ili apande mizani, na mke wake ndiye anayeandika namba kwenye daftari la hesabu la mtoto.

Ukiwa na swali, fika kwenye zahanati iliyo karibu nawe au umwone mhudumu wa afya wa kijiji chako. Wiki ijayo tutazungumza kuhusu vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa kisukari. Kwaheri kwa sasa.