Usiwaue walinzi wa tumbo lako

Jumamosi mchana umeketi Kenyatta Market na jamaa zako. Nyama choma imekatwa, ugali na kachumbari viko mezani. Usiku tumbo linasokota, unaanza kuhara. Kukipambazuka unakimbilia duka la dawa na kununua vidonge vichache vya antibiotiki, bila kumwona daktari. Je, msomaji, unajua unamwua nani?

Utumboni mwako wanaishi matrilioni ya bakteria. Wengi wao ni walinzi: hujaza nafasi, hula chakula ambacho viini vya maradhi vingekitumia, na hutoa asidi inayovidhoofisha. Salmonella naye ana ujanja wake. Huwasha ukuta wa utumbo ukavimba, na uvimbe huo huwadhuru walinzi huku yeye akinawiri.

Antibiotiki haichagui adui na rafiki. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa kawaida ilihitajika Salmonella wapatao 100,000 kuambukiza nusu ya panya. Panya waliotangulia kupewa streptomaisini waliambukizwa na Salmonella wasiofika 10.

Basi maziwa lala na mursik yatatuokoa? Yana bakteria wanaotengeneza asidi, na baadhi ya probiotiki zilizopimwa hupunguza kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Lakini bakteria hao ni wageni, hupita, hawahamii. Si kila maziwa yaliyoganda yana aina iliyopimwa, na yaliyotokana na maziwa mabichi yanaweza kukuletea maradhi mengine.

Ukihara, kwanza rudisha maji mwilini: changanya pakiti ya ORS kwa maji safi, unywe kidogo kidogo. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Kuhara kwingi hupona bila antibiotiki. Lakini ukiona damu katika choo, homa kali, macho yaliyodidimia au mtoto asiyeweza kunywa, nenda hospitali upesi. Daktari akiagiza antibiotiki, zimeze kama alivyosema.

Na utakaporudi sokoni, nawa mikono kwa sabuni, kula nyama iliyoiva ingali moto, na hakikisha haikatwi kwa kisu na ubao wa nyama mbichi. Hapo walinzi wako watakuwa na kazi nyepesi.