Chenga Zimeondoka, Picha Je?

Yako maneno ambayo huingia katika lugha kwa kubisha hodi, na yako mengine ambayo huingizwa na siasa. Neno "analogi" ni katika hayo ya pili. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa 2013 hapa Kenya, wagombea wa Jubilee walijiita watu wa dijitali, na wapinzani wao wakabandikwa jina la analogi. Maana yake wakongwe, waliopitwa na wakati. Tangu siku hizo neno hilo limekuwa tusi la mitaani. Mtu akichelewa kufahamu jambo huambiwa, "Wewe analogi."

Nafsi yangu sikupendezwa na tusi hilo, kwani analogi ilikuwa kazi ya mafundi waungwana na ilitutumikia miaka mingi. Mitambo yake ya Mombasa na Malindi ilipangiwa kuzimwa tarehe 2 Februari 2015, baada ya ile ya Nairobi iliyopangiwa siku ya mwisho ya 2014. Sasa ni zaidi ya miaka kumi, vumbi limetua, na mtu aweza kuuliza bila ya kelele: je, picha tunayoiona majumbani ni bora kuliko ile ya zamani? Jawabu langu ni ndiyo, na siyo. Na hiyo "siyo" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tuanze na ilivyokuwa. Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, na Sauti ya Kenya ikafungua kituo cha televisheni hapa Mombasa mwaka 1970. Sisi tuliozaliwa karibu na miaka hiyo tulikua na picha nyeusi na nyeupe, tukitazama kwa jirani mwenye nacho, watoto chini mkekani na wakubwa vitini. Picha ile ilikuwa imechorwa kwa mistari 625, ikichorwa upya mara 25 katika kila sekunde. Kilichosafiri hewani kilikuwa ni wimbi lenye kufuata mwanga: palipong'aa wimbi lilikwenda hivi, palipo kiza likaenda vile. Wimbi lilikuwa ni kivuli cha picha yenyewe.

Wimbi likidhoofika njiani, picha nayo hudhoofika kwa kadiri ile ile. Ndipo tulipopata neno letu zuri la chenga, ambalo ni zile punje za mchele zilizovunjika. Kioo kilijaa chenga, na nyuma ya chenga ukamwona msomaji wa habari. Pengine ukamwona mara mbili, yeye na kivuli chake ubavuni, kwa sababu wimbi lilifika moja kwa moja kutoka mlingotini na likafika tena baada ya kugonga ghorofa. Hapo kijana hupandishwa juu ya paa akaizungushe antena, na walio chini wakapiga ukelele: "Hapo hapo! La, umepita! Rudi!" Hewa yetu ya chumvi nayo ikila zile fito za antena mpaka zikapukutika. Lakini mtu alitazama. Picha ilikuwa mgonjwa, nasi tulikuwa tumezoea kukaa na mgonjwa wetu.

Dijitali ni mambo mengine kabisa. Hapa picha hukatwa vitone, na kila kitone hupewa tarakimu za kueleza rangi yake na mwanga wake. Picha ya kawaida ina vitone 720 kwa upana na 576 kwa urefu, jumla yake 414,720. Picha ile kali ambayo watu huiita HD ina vitone 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600, ambavyo ni mara tano kamili ya hiyo ya kwanza. Kinachosafiri hewani si kivuli cha picha tena, bali ni hesabu yake; na king'amuzi kilichoko nyumbani kwako ndicho kinachoisoma hesabu ile na kuichora picha upya.

Hesabu husafiri kwa usalama kuliko kivuli, na mshairi hahitaji kwenda chuo cha ufundi ili aifahamu sababu. Utazame ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya makala haya:

Picha ilikuwa duni, lakini tuliiona,
Chenga zilijaa ndani, nyuso zikajulikana,
Leo nuru kiooni, ikikatika hapana,
Nauliza ni ya nini, nuru isiyo amana?

Sasa tuseme naukariri ubeti huu barazani na upepo wa kusi unavuma, na katika mshororo wa kwanza ukasikia "Picha ilikuwa du...", kisha silabi moja ikachukuliwa na upepo. Wewe mjuzi wa tungo hutakwama. Wajua kwamba kila kipande kina mizani minane, na hapa umehesabu saba. Wajua kwamba kina cha kati ni "ni". Basi utaitia "ni" mahali pake, nawe hukuisikia. Vina na mizani havikuongeza habari yoyote katika ubeti, lakini vimeilinda habari iliyomo.

Wahandisi wa dijitali hufanya vivyo hivyo. Pamoja na tarakimu za picha, mtambo hutuma tarakimu nyingine za ulinzi zilizofungamana nazo kwa kanuni, mfano wa vina na mizani. King'amuzi kikiona pengo, hulijaza kwa kufuata kanuni ile, na picha ikatoka safi kama kwamba hapakutokea kitu. Hii ndiyo sababu chenga zimeondoka.

Lakini upepo ukizidi, ukachukua silabi sita, saba, kina pamoja na nusu ya mshororo, hakuna mshairi awezaye kukisia ubeti ulikuwa ukisema nini. King'amuzi nacho kikifika mpaka huo hushindwa ghafla. Picha husimama, ikagawanyika miraba miraba, sauti ikakwaruza, kisha kioo kikawa kiza. Analogi ilikuwa ikishuka ngazi kidato kwa kidato. Dijitali hutembea juu ya sakafu sawa mpaka ukingoni, kisha huanguka. Bibi mmoja jirani yangu hapa Mji wa Kale aliniambia kwa maneno machache kuliko yangu: "Mwanangu, ile ya zamani ilikuwa ikiugua. Hii mpya yafa tu." Nikamwambia, "Ndivyo, mama." Sikuwa na la kuongeza.

Hilo ni la kwanza. La pili wengi hawalijui, nalo ni kubwa zaidi.

Picha ya kawaida ikitumwa na tarakimu zake zote huhitaji kiasi cha tarakimu milioni 270 kwa kila sekunde. Hewani hakuna nafasi hiyo. Kwa hivyo picha hukamuliwa: mtambo huacha kurudia yale ambayo hayakubadilika tangu picha iliyotangulia, na hutupa yale ambayo jicho haliyatambui upesi. Baada ya kukamuliwa, pengine hubaki tarakimu milioni mbili, tatu au nne kwa sekunde. Masafa yaliyokuwa yakichukua kituo kimoja tu cha analogi sasa huchukua vituo kumi na tano au ishirini. Wote hao wanakula katika sinia moja, na kila anayeongezwa hupunguza tonge la mwenzake.

Msomaji wa habari aliyekaa kitini hana taabu. Ukuta nyuma yake hautikisiki, meza haisogei, kinachobadilika ni midomo na mikono. Humtosha tonge dogo, naye hutoka malidadi. Lakini ipige picha bahari! Hakuna kitu kinachoshinda kukamuliwa kama maji yenye mawimbi, kwa kuwa kila kitone hubadilika kila mara wala hakuna linalorudiwa. Makuti ya minazi yakipepesuka ni hivyo hivyo. Umati wa watu unaosogea ni hivyo hivyo. Kituo kilichopewa sehemu ndogo kikionyesha mashindano ya majahazi ya Lamu, bahari hugeuka uji na tanga likawa na meno kingoni. Kikionyesha Maulidi ya Lamu, safu za kanzu nyeupe zikiyumba pamoja kwa dufu, utaona povu la sabuni badala ya watu.

Litafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mwanasiasa akizungumza ofisini huonekana mpaka vifungo vya koti. Mambo yetu sisi watu wa pwani, bahari, minazi na mikusanyiko ya ibada na furaha, ndiyo yanayoumbuliwa kwanza tonge likiwa dogo. Si kwamba mtu amekusudia kutuonea. Hesabu haina kabila wala dini. Lakini mgawaji wa sinia ni binadamu, na binadamu huulizwa.

Basi na sababu ya kuhama ilikuwa nini? Tuliambiwa ni uzuri wa picha, na ni kweli kwa sehemu. Lakini shina la jambo liko Geneva, mahali ambapo mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na jirani zao zilipatana kuwa ifikapo 17 Juni 2015 mawimbi ya analogi hayatalindwa tena, isipokuwa baadhi ya masafa kwa baadhi ya nchi zilizopewa muda zaidi. Kwa kubana vituo vingi mahali pa kimoja, masafa mengi yangebaki wazi, na sehemu ya masafa hayo ikatengewa simu za mkononi na intaneti. Hewa ni mali, kama kiwanja cha ufukweni. Tanzania ilitangulia katika eneo letu kwa kuanza kuzima Dar es Salaam siku ya mwisho ya 2012.

Hapa kwetu mali hiyo ilizua kesi. Rais Kibaki alikuwa ameizindua dijitali Desemba 2009, lakini ugomvi ukatokea juu ya nani atakayekuwa na leseni ya kusambaza matangazo, ukapanda mpaka Mahakama ya Juu iliyotoa hukumu Septemba 2014. Februari 2015 Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu, zikarejea mwanzoni mwa Machi. Nyumba zilizokuwa zimekwisha nunua ving'amuzi zikakaa na kisanduku kipya kisicho na vituo walivyovizoea, na nyumba zisizokuwa na shilingi elfu kadhaa za kukinunua zikakaa na kioo kitupu. Wote wawili walikuwa wametolewa katika kitu walichokuwa wakikipata kwa waya na kipande cha bati juu ya paa.

Sisemi turudi nyuma. Aliyeona fainali ya mpira kwa picha kali ya HD, majani ya uwanja yakihesabika, hatatamani chenga. Nasema tu kwamba mtazamaji aijue bidhaa anayouziwa, na ayajue machache ya kujisaidia.

Kwanza, picha ikisimama na kugawanyika miraba, usiilaumu televisheni kabla ya kupanda juu. Waya wa antena uliopasuka na kuingia unyevu, na viungo vilivyoliwa na chumvi, ndiyo maradhi makubwa ya pwani. Analogi ilikuonya kwa chenga miezi kabla, dijitali haikuonyi.

Pili, zitazame nyuso. Picha nyingi za zamani zilikuwa na upana wa nne kwa urefu wa tatu, na vioo vya leo vina upana wa 16 kwa urefu wa 9. Watu wengi huivuta picha ya kale ili ijaze kioo, na maharusi wa harusi za zamani wote wakawa wanene. Kasoro hiyo imo katika kidude cha mkononi, wala haihitaji fundi.

Tatu, usifungue saumu kwa televisheni bila ya kufikiri. Kukamua picha na kuichora upya huchukua sekunde kadhaa, ndiyo maana jirani mwenye redio hushangilia bao ambalo wewe hujaliona. Sekunde hizo hazina madhara kwa mwenye kufunga. Lakini adhana ya magharibi inayotoka Nairobi haikuhusu wewe uliye Mombasa wala Lamu, kwani jua letu hutangulia kuchwa kwa dakika kumi hivi na zaidi. Msikitini kwako pana mwadhini, msikilize yeye.

Nne, na ndiyo kubwa, tujifunze kulalamika kwa maneno yafaayo. Analogi ilipochafuka kila mtu alijua kusema "ina chenga". Leo mtu husema "haiko sawa" na fundi humjibu "ni mtandao", mambo yakaishia hapo. Tuulize: kituo hiki kimepewa sehemu gani ya sinia? Kwa nini sherehe ya Lamu itumwe kwa tonge dogo kuliko hotuba? Mlingoti ulio karibu na visiwa vyetu una nguvu kiasi gani, na nani anayeupima? Masafa ni mali ya umma, na mwenye mali hana haya kuuliza hesabu ya mali yake. Dijitali yenyewe ni hesabu tupu. Basi na tupewe hesabu.