Miguu Iliyopinda Hunyoshwa kwa Mikono

Bila shaka mmepata kumwona mama aketiye nyuma ya wenzake siku ya kupima watoto uzito. Wenzake wamekwisha kuwafungua watoto wao. Yeye wake amemviringisha kitenge mpaka kiunoni, ingawa jua ni kali. Hataki watu waone miguu. Nyayo za mtoto zimegeukia ndani hata moja yaitazama nyingine, visigino vimepanda juu, vidole vyaelekea chini. Majirani wamekwisha kusema mengi: kwamba mama alivunja mwiko wakati wa mimba, kwamba yuko mtu katika ukoo aliyemtupia jicho baya, kwamba ni deni la wazee. Baba ananyamaza. Bibi amekwisha kumwita mpiga ramli, na kuku wawili wamekwenda bure.

Leo twataka kusema habari za miguu hiyo, kwa maana yako mambo mawili yampasayo kila mzazi kuyajua. La kwanza: si laana. La pili: yaponyeka, na mara nyingi pasipo upasuaji mkubwa, mradi kazi ianze mapema na isiachwe katikati.

Ni ugonjwa gani?

Madaktari huuita mguu kifundo. Katika kila watoto elfu wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nao. Uchunguzi uliofanywa kwa jirani zetu wa Uganda ulipata hesabu izidiyo kidogo hapo. Hupatikana katika mataifa yote, kwa tajiri na kwa maskini. Wavulana huwa nao karibu mara mbili kuliko wasichana, na karibu nusu ya watoto hao wamepinda miguu yote miwili.

Ndani ya tumbo la mama, kano za nyuma na za upande wa ndani wa mguu hukaza na kufupika, zikaivuta mifupa midogo ya unyayo mahali isipopaswa kuwa. Sababu yake haijafahamika yote, ila imeonekana kwamba mara nyingine hufuata ukoo, kama vile urefu au sura. Mama hakuuleta kwa kosa lolote, wala hakuna adui aliyeutuma.

Mtoto asipotibiwa, hujifunza kutembea kwa upande wa nje wa mguu, na mwishowe kwa mgongo wa unyayo. Ngozi ya hapo huota sugu, ikapasuka vidonda. Kiatu hakimwingii. Wenzake wakimbiapo shuleni, yeye hubaki nyuma, kisha hubaki nyumbani kabisa. Hivyo mtoto mwenye akili nzuri hukosa kalamu kwa ajili ya mguu.

Mwana wa fundi wa saa

Njia inayotumika leo ulimwenguni ilitafutwa na mtu mmoja mwenye subira nyingi, Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, nchi ya Hispania. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na kijana alizoea tangu utoto kushika vitu vidogo kwa vidole vyepesi. Alisomea udaktari Barcelona, akamaliza mwaka 1936, wakati ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka nchini mwake. Katika vita hivyo aliwatibu askari waliovunjika mifupa. Upande wake uliposhindwa, mwaka 1939, aliwavusha majeruhi milima ya Pyrenees kwa nyumbu mpaka Ufaransa. Kutoka huko alikwenda Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, katika Marekani.

Huko mwalimu wake, Arthur Steindler, alimpa kazi ya kuwachungua watu waliopasuliwa mguu kifundo utotoni, apate kuona waliendeleaje baada ya miaka mingi. Alichokiona kilimsikitisha. Kisu kiliunyosha mguu wa mtoto, lakini makovu yalikuwa yameviganda viungo. Mguu ulikuwa mgumu kama gogo, hauna nguvu, na ulimwuma mwenyewe kila siku.

Basi Ponseti akaanza kuuchunguza mguu wenyewe, kano kwa kano na kiungo kwa kiungo. Akatambua kwamba mguu wa mtoto mchanga bado si mfupa mtupu. Sehemu kubwa yake ni gegedu, kitu laini kama kile kilichomo ndani ya sikio. Tena kano zake hukubali kutanuka zikivutwa polepole, kisha zikaachwa zipumzike. Akaona pia kosa la wale waliojaribu plasta kabla yake: walikishika kisigino na kulazimisha mfupa mmoja mmoja, hali mifupa ya unyayo hutembea pamoja, kama vyuma vya ndani ya saa. Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ponseti aliongeza neno moja: mkunje kwa upole.

Jinsi mguu unavyonyoshwa

Mtoto huletwa akiwa na majuma machache. Ananyonya au analala, na mtaalamu huunyosha mguu kwa vidole vyake kwa muda mfupi, bila kuulazimisha. Kisha huufunga plasta toka vidoleni mpaka juu ya paja, goti likiwa limekunjwa ili plasta isiteleze. Baada ya siku saba hivi, plasta huondolewa, mguu hunyoshwa tena kidogo, ikafungwa plasta nyingine. Kwa watoto wengi, plasta tano au sita zatosha kuugeuza unyayo utazame nje.

Hubaki kisigino tu, ambacho mara nyingi bado kimevutwa juu na kano kubwa ya nyuma. Hapo daktari humtia mtoto dawa ya ganzi mahali hapo, akaikata kano hiyo kwa tundu dogo sana. Wazazi wasiogope, kwa maana katika mwili wa mtoto mchanga kano hiyo huungana tena yenyewe, nayo hupona ikiwa ndefu zaidi. Plasta ya mwisho hukaa majuma matatu.

Miaka ya kungoja

Mwaka 1963 Ponseti na mwenziwe walichapisha matokeo ya kazi yao. Walakini wachache walifuata. Madaktari wengi waliendelea kupasua, yeye akaendelea kufunga plasta zake.

Mwaka 1995 wenzake wa Iowa walitoa habari za watu 45 aliowatibu utotoni, ambao sasa walikuwa watu wazima. Watu 35 kati yao, ndiyo 78 katika kila mia, walionekana miguu yao ni mizuri au mizuri sana. Walipopimwa kwa kipimo hicho hicho watu waliozaliwa bila kasoro ya mguu, walipatikana 85 katika kila mia. Tofauti ilikuwa ndogo! Mwaka 2001 daktari Shafique Pirani na wenzake walionyesha, kwa picha za mashine ya sumaku, kwamba hata umbo la mifupa yenyewe hujirekebisha mguu unyoshwapo. Wakati huo huo wazazi walikuwa wakipashana habari kwa intaneti, wakawauliza madaktari wao kwa nini watoto wapasuliwe. Ponseti aliaga dunia mwaka 2009, mwenye umri wa miaka 95, akiwa bado anaitumikia kazi yake.

Kwetu Afrika jambo hili lina maana ya pekee, kwa sababu wapasuaji wa mifupa ni wachache na njia ni ndefu. Nchini Uganda njia hiyo ilianza kufundishwa kuelekea mwaka 2000. Na huko Malawi ilijaribiwa na waganga wasaidizi wa mifupa, wasio wapasuaji. Habari zao zilizochapishwa mwaka 2005 zilihusu miguu 100, na karibu yote ilinyoka. Hivyo imethibitika kwamba mkono uliofundishwa vema, pamoja na plasta na maji, waweza kufanya kazi hii hata katika hospitali ndogo.

Nusu ya dawa ni wazazi

Lakini sikieni vizuri, wazazi, kwa maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Plasta ya mwisho iondolewapo, mguu waonekana mzuri, na mama hufurahi na kusema: tumemaliza. Hapana. Kano zile zataka kurudi zilikotoka. Kwa hiyo mtoto huvikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, nyayo zikitazama nje. Miezi mitatu ya kwanza huvivaa usiku na mchana, isipokuwa wakati wa kuoga. Baadaye huvivaa alalapo tu, mpaka atimize miaka minne hivi. Mtoto hulia siku mbili tatu za mwanzo, kisha huzoea. Vitabu vya mafunzo ya njia hii vyaeleza kwamba mguu hurudi kupinda kwa watoto 6 hivi katika kila mia, ikiwa wazazi wameshika sheria ya viatu. Wasipoishika, hurudi kwa zaidi ya 80. Yaani kazi ya miezi miwili yaweza kupotea kwa huruma ya usiku mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine.

Na kazi hiyo si ya mama peke yake. Baba atafute nauli ya kila juma. Bibi asiwafungue viatu kwa siri mjukuu aliapo. Wakubwa wa nyumba wafunge vinywa vya wasengenyaji.

Basi shikeni haya. Mtoto azaliwapo, mwulizeni mkunga aitazame miguu yake. Ikiwa imepinda, mpelekeni hospitali katika majuma ya kwanza, wala msimkande kwa nguvu nyumbani. Plasta isilowe maji. Vidole vikivimba, vikiwa baridi au vikigeuka rangi, mrudisheni mara moja, hata kama siku yake haijafika. Na aliye na mtoto mkubwa zaidi asikate tamaa. Wengi waliokwisha kuanza kutembea wamesaidiwa vile vile.

Na wewe uketiye karibu na mama yule siku ya kupima watoto, usiangalie pembeni. Msogelee, umwambie haya uliyoyasoma, na kama aogopa kwenda hospitali peke yake, mfuatane.