Je, Wajua? Akijua Mmoja, Ofisi Bado

Je, wajua kwamba pale Mpemba, kabla hujaingia Tunduma, barabara kuu itokayo Mbeya inatoa tawi kuelekea Ileje hadi Isongole? Mbele yako Zambia, kushoto Malawi. Kijana wa ofisi ya kutoa mizigo eneo hili ana mipaka miwili ya kujifunza.

Je, wajua kwamba kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 5, 2019? Lori linalokwenda Zambia hukaguliwa na nchi zote mbili upande wa Nakonde. Linaloingia kwetu, Tunduma. Zambia ilikwishauonja utaratibu huu Chirundu, mpakani na Zimbabwe, tangu 2009.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina cheti maalumu cha mawakala wa forodha? Cheti huandikwa jina la mtu, si la kampuni. Ujuzi nao unaweza kubaki wa mtu tu. Chukua binti anayerudishiwa hati kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye ankara haulingani na ule wa orodha ya mzigo. Dereva analala mpakani. Binti akiandika kwenye kaunta buku la ofisi, “linganisha uzito kabla ya kutuma,” mwenzake wa zamu ya kesho ameshapona. Akilibakiza somo hilo kichwani, siku akihamia kampuni nyingine anaondoka nalo pamoja na mkoba wake. Mimi naliheshimu sana kaunta buku lile, hata likiwa limechakaa na kumwagikiwa chai.

Je, wajua kwamba Chris Argyris na Donald Schön, Wamarekani, waliandika mwaka 1978 kuwa taasisi hujifunza kwa namna mbili? Ya kwanza ni kusahihisha kosa. Ya pili ni kuuliza kwa nini utaratibu wenyewe unalizaa kosa hilo. Kurekebisha uzito ni ya kwanza. Kuamua kwamba hakuna hati itakayotumwa bila kupitiwa na mtu wa pili ni ya pili, na hiyo haiwezi kufanywa na binti peke yake: inamhitaji bosi anayesikiliza.

Je, wajua kwamba reli ya TAZARA, kilomita 1,860, inayopita Tunduma, ilijengwa na watu wasioelewana lugha? Mchina alionyesha kwa mikono, Mtanzania na Mzambia wakarudia. Wakati huohuo vijana wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na Mpika, Zambia, kukawa na chuo cha shirika, ili ujuzi usirudi China na wageni.

Je, wajua habari za Erasto Mpemba? Jina tu ndilo linalofanana na lile la Mpemba ya kabla ya Tunduma. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye muuza aiskrimu wa Tanga alimwambia kuwa na yeye huanza na ya moto. Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam, baada ya kuulizwa na Mpemba, alipoagiza jaribio lifanywe chuoni, fundi wa maabara aliripoti kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi. Osborne hakulipuuza lile la kwanza. Mwaka 1969 makala ilichapishwa, ikiwa na majina ya Mpemba na Osborne.