NENO "VAR" KATIKA LUGHA YA JAVA: LINI AINA IACHWE, LINI ITAJWE



 

Wanafunzi wetu wapenzi, baadhi yenu mnaosoma kompyuta huko skuli mmekuwa mkituuliza juu ya neno "var" katika lugha ya Java. Wengine wanasema ni uvivu, wengine wanasema ndiyo njia ya kisasa. Tumeona ni vyema tulieleze hapa kwa ufupi, kwani ndani yake mna jambo linalogusa haki za watu.

AINA NI NINI?

Programu huhifadhi thamani katika vyombo. Kila chombo kina jina, na katika Java kila chombo kina aina yake. Chombo cha aina ya int hupokea namba nzima tu, kama 7 au 100. Cha aina ya double hupokea namba zenye desimali, kama 2.5. Cha aina ya String hupokea maandishi, kama jina la mtu. Chombo kikishapewa aina hakibadiliki mpaka mwisho, mfano wa pipa la mafuta ya taa ambalo halitiwi maji ya kunywa.

Tangu Java ilipotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, mwandishi alilazimika kuitaja aina kila anapotengeneza chombo. Wakati mwingine maneno yalikuwa marefu mno. Tazama daftari hili la alama za wanafunzi:

HashMap<String, ArrayList<Integer>> alama = new HashMap<String, ArrayList<Integer>>();

Jambo moja limesemwa mara mbili, kushoto na kulia. Mwezi Machi 2018 lilitoka toleo la 10 la Java, na tangu hapo inaruhusiwa kuandika hivi:

var alama = new HashMap<String, ArrayList<Integer>>();

Kompaila, yaani programu inayokagua na kufasiri maandishi yetu kabla hayajaendeshwa, hutazama upande wa kulia na kuijua aina yenyewe. Java haikuwa ya kwanza katika hili. Lugha ya C# ilikuwa na neno hilo hilo tangu mwaka 2007.

Msidhani kwamba chombo cha "var" hakina aina. Kinayo, na imefungwa vile vile. Ukiandika var jina = "Salim"; kisha ukataka kukitia namba 5, kompaila itakataa.

MFANO KUTOKA NAHAU

Jambo hili si geni kwa mwanafunzi wa madrasa. Katika nahau tumesoma kuwa mubtadaa au khabari huweza kuachwa pale inapojulikana. Mtu akiuliza, "Yuko wapi mwalimu?" nasi tukajibu, "Msikitini," maneno yametimia, kwa sababu mubtadaa unajulikana kutokana na swali. Lakini mtu akiingia chumbani na kusema tu "Msikitini," kila mmoja atauliza: nani? Kuna nini?

Java nayo imeweka masharti. "Var" hutumika kwa chombo kilichomo ndani ya kazi moja tu, nacho ni lazima kitiwe thamani pale pale kinapotengenezwa. Ukiandika var x; peke yake, kompaila inakataa. Ukiandika var x = null; inakataa pia, kwani null haionyeshi aina yoyote. Na haitumiki kwa vyombo vya klasi nzima, wala kwa aina ya jibu linalorudishwa na kazi.

HATARI ILIYOJIFICHA

Tuchukue mfano wa zaka ya fitri. Kila mtu hutolewa pishi moja, nayo ni vibaba vinne. Tukadirie kilo 2.5 za mchele, kama wanavyofanya wengi. Mwanafunzi anaandika programu ya kujumlisha mchele uliopokelewa:

var jumla = 0;

Kisha kwa kila mtu anaongeza:

jumla += 2.5;

Kompaila imeona 0, ambayo ni namba nzima, basi chombo kimekuwa int. Na alama ya += katika Java hukata desimali bila kusema neno. Mtu wa kwanza: 2.5 inakuwa 2. Wa pili: 4.5 inakuwa 4. Wa tatu: 6.5 inakuwa 6, na haki ni 7.5. Wakifika watu 100, programu itasema kilo 200 badala ya 250. Kilo 50 za maskini hazimo katika hesabu, na hakuna onyo lililotokea kwenye skrini!

Lau angeandika jumla = jumla + 2.5, kompaila ingemkatalia. Na lau angeitaja aina kwa kuandika double jumla = 0; hesabu ingekuwa sawa. Kweli, hata aliyeandika int angepata kosa lile lile, lakini neno int lingeonekana wazi, na mwenzake anayekagua angeuliza: mbona namba nzima, na mchele una nusu kilo?

Tunajua kuwa Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Aliyeandika programu ya kupimia haki za watu naye ameshika mizani.

TUFANYE NINI?

1. Tumia "var" pale upande wa kulia unapoitaja aina waziwazi, kama katika mfano wa daftari la alama.

2. Usiitumie pale msomaji hawezi kujua. Ukiandika var jibu = kokotoa(orodha); kompaila inaijua aina, lakini ndugu yako anayesoma haijui.

3. Katika fedha, vipimo na mirathi, itaje aina.

4. Usiache pande zote mbili. Ukiandika var alama = new HashMap<>(); Java itachukua aina ya jumla kabisa, Object, na ukaguzi wa kompaila utapungua nguvu.

5. Ukiiacha aina, basi jina la chombo libebe maana. "JumlaYaKilo" ni bora kuliko "x".

Kwa ufupi, "var" si uvivu wala si ufundi. Ni ruhusa ya kuacha kinachojulikana. Na ajulishwe msomaji pia, si mashine peke yake, kwani programu husomwa na kurekebishwa na watu wengine baada yetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na atuwezeshe kutekeleza amana. Amin.