Kabati Lililoficha Sauti

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo laisadifu mali ninayokusudia kuizungumzia leo, mali ambayo wengi wetu wa mwambao wa kusini, tangu Diani na Msambweni hadi Vanga mpakani, tumeipita vyumbani mwa wazee tukidhani ni kabati tu la nguo. Nakusudia gramafoni za kale zilizoundwa kwa sura ya samani.

Huenda kijana wa leo akashangaa kwamba mashine ya muziki iliwahi kuvishwa sura isiyo yake. Thomas Edison alibuni chombo cha kunasa na kutoa sauti mwaka 1877, na miaka kumi baadaye Emile Berliner akaanzisha mtindo wa sahani bapa, zile tuziitazo santuri. Mashine za awali zilikuwa na tarumbeta kubwa iliyochomoza juu, ikichukua nafasi na kukusanya vumbi. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa Victrola, ambayo tarumbeta yake ilikunjwa na kufichwa ndani ya kabati la mbao. Milango midogo ya mbele haikuwa pambo tu: ukiifungua sauti hupaa, ukiifunga hufifia. Baadaye mafundi wa nchi za ng'ambo walizidi kushindana katika kuficha, wakaunda gramafoni zenye umbo la meza ya kuandikia, la piano ndogo, hata la taa ya mezani. Ndizo zinazowindwa leo na wakusanyaji wa vitu adimu duniani.

Waama, Mswahili hakuhitaji kufunzwa sanaa ya kuficha. Makasha yetu ya kale, yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, aghalabu yalikuwa na visaraka vya siri ndani yake. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa kuzingatia sitara. Chombo kilichoficha koo lake ndani ya mbao nzuri kilikuwa kama kimekuja kwa jamaa zake.

Nacho hakikuja kikiwa bubu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, yenye chapa ya His Master's Voice. Kufikia 1930 kampuni nyingine, zikiwamo Columbia na Odeon, nazo zilikuwa zikiisaka sauti ya Kiswahili katika pwani hii. Shaaban Robert, mzaliwa wa eneo la Tanga, aliuona umuhimu wa mwimbaji huyo hata akamwandikia wasifu. Kwa mara ya kwanza mtu wa kijiji cha wavuvi aliweza kumsikia mwimbaji wa Unguja bila ya kuvuka bahari. Mashine hiyo haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu, hivyo wimbo mrefu ulilazimika kufupishwa au kukatwa. Mwanafunzi wa ushairi anayetaka kujua jinsi chombo kinavyoweza kuubana utungo, mfano ni huo.

Vanga niliwahi kuonyeshwa kabati moja la namna hii katika nyumba ya bibi mmoja mzee. Mahali pa tarumbeta palikuwa pamejazwa leso zilizokunjwa. Chini yake zilisimama sahani chache ndani ya bahasha za karatasi zilizoliwa na mende. Aliniarifu kuwa marehemu mumewe alilileta kwa jahazi kutoka Tanga, na kwamba nyakati za harusi majirani walijaa barazani, huyu akizungusha mkono wa mashine, yule akibadilisha sindano. Kisha akaniambia kuwa alikuwa amejiwa na dalali. "Mwanangu," alisema, "yeye ataka mbao. Hizo sahani na vyuma kaniambia nitupe."

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kabati bila mashine yake ni mbao tu. Mashine bila sahani ni chuma. Sahani bila habari ya nani alizinunua, wapi, na nani walizisikiliza, ni bidhaa ya sokoni. Thamani ya kitu hiki imo katika kuwa pamoja. Anayeling'oa tumbo kabati hili ili aligeuze kuwa la kuwekea vinywaji hakusanyi turathi, bali anaibomoa.

Sheria nayo haitoshi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895, na huilinda milango iliyochongwa kabla ya 1946. Kabati la gramafoni, lililozaliwa 1906 au baadaye, halimo katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Waziri anayehusika, baada ya kushauriana na Makumbusho, ana uwezo wa kutangaza aina ya kitu kuwa ya kulindwa. Naona wakati wa kumwomba afanye hivyo umefika. Lakini ombi lisilo na orodha halina nguvu, na orodha hatuna.

Simlaumu bibi yule wala mwingine yeyote auzaye. Vanga ni mji ulio chini, katikati ya mikoko. Maji makuu yakijaa huingia hadi mitaani, hewa ya chumvi hula springi, na bungua hula mbao. Mwenye njaa haambiwi ahifadhi. Ila auzapo, na auze akijua anachokiuza, nasi tuwe tumekiandika.

Kazi hiyo, walimu wenzangu, yatufaa sisi. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu, kwa idhini ya wenye nyumba, aweza kunakili chapa na nambari iliyo kwenye kibao cha chuma, majina na nambari zilizo kwenye lebo za sahani, na masimulizi ya mwenye mali kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kivumba chake kisichosahihishwa. Atakuwa amejifunza historia, fasihi simulizi na lahaja kwa pamoja. Afundishwe pia adabu ya vitu hivi: sahani zisimamishwe wima, zisilazwe, sindano ya chuma ibadilishwe kila upande, na kamwe sahani zisisafishwe kwa spiriti, kwani zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, wa jamii ya lakiri ya kufungia barua, ambao huyeyuka kwa spiriti.

Wazee waliomsikia Siti kupitia makabati hayo wanazidi kupungua. Dalali hana haja nao. Yeye atarudi hata baada yao, maana mbao haisahau bei yake. Kinachosahaulika ni sauti. Na tumtangulie mlangoni, tukiwa na daftari mkononi.