Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wananchi wa Bangladesh waliyaona hayo kisimani. Katika miaka ya 1970 serikali yao, ikisaidiwa na UNICEF, ilisimamia uchimbaji wa visima vya pampu kwa wingi ili kuwaepusha watu na maradhi ya kuhara yatokanayo na maji ya madimbwi. Nia ilikuwa njema, na maji yalikuwa maangavu. Lakini mwaka 1993 ilithibitika kwamba maji hayo yana aseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mamilioni walikuwa wamekwisha kuyanywa kwa miaka mingi. Wengi walipatwa na madoa na sugu za ngozi, na wengine saratani.

Sumu hiyo haikumwagwa na kiwanda. Ililetwa na mito kutoka milima ya Himalaya maelfu ya miaka iliyopita, ikiwa imenata kwenye kutu ya chuma iliyozifunika chembe za mchanga. Ardhini pasipofika hewa, vijidudu hula mabaki ya mimea na kuiyeyusha kutu hiyo, na aseniki hubaki huru majini. Tena hugeuka umbo: ile iitwayo aseneti, yenye oksijeni zaidi, huwa asenaiti, iliyo kali zaidi na ngumu zaidi kunaswa na machujio. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua, sumu hubaki.

Kuyajua mageuzi hayo ndiko kunakoonyesha tiba. Maji yakitiwa klorini, asenaiti hurejea kuwa aseneti, kisha hunaswa na kutu ya chuma ikachujwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Visima vya Bangladesh vilivyozidi 50 vilipakwa rangi nyekundu, vilivyo chini ya hapo kijani.

Sisi wa visiwani hunywa kwa wingi maji ya ardhini. Hatusemi hayo ili kutia hofu. Miamba yetu ya matumbawe si matope ya Himalaya. Lakini kisima hakithibitishwi kwa macho wala kwa ulimi. Kipimwe kabla ya kukabidhiwa wananchi, kipimwe tena kila baada ya muda, na matokeo yabandikwe hapo hapo kisimani, yasifungiwe jaladani. Sherehe ya kufungua kisima ni ya siku moja. Maji yake hunywewa umri mzima.